Usiku wa Nyota Malindi na Mambrui: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Maswali haya yametoka kwa watu waliokuja kutazama nyota nasi, waliopiga simu, na waliotusimamisha njiani wakiona tumebeba begani bomba refu la darubini. Mengine tumeulizwa mara nyingi hata jibu tunalijua kwa moyo. Mengine yalitupeleka kusoma upya.

Nyinyi ni akina nani?

Ni walimu na wanafunzi wa fizikia wa chuo kikuu. Kituo chetu cha kutazamia nyota kiko chuoni, chenye kuba na darubini isiyobebeka. Zinazokuja Malindi ni darubini za kubebeka. Iliyo kubwa ina kioo cha inchi 8, yaani upana wa sahani ya chai na zaidi kidogo, na inakaa juu ya kitako cha mbao kinachozunguka kwa mkono. Haina mota wala kompyuta. Anayeiongoza ni mwanafunzi anayeijua mbingu, na ukimwomba atakuachia uiongoze mwenyewe.

Kwa nini mje huku, wakati kituo mnacho chuoni?

Kwa sababu Malindi iko digrii 3 tu kusini mwa ikweta, na mbele yake ni bahari tupu. Mtu wa London akikaa kwao maisha yake yote hataiona nyota ya Suheli. Mtu wa Cape Town hukiona kikundi cha nyota cha Dubu Mkubwa kikikwaruza upeo wa macho, nusu kimezama. Hapa, jioni ya mwezi wa Mei, ukisimama mchangani Mambrui unaona Msalaba wa Kusini upande wa kulia na Dubu Mkubwa upande wa kushoto kwa wakati mmoja, bila kuhama. Wataalamu wa nyota husafiri maelfu ya kilomita kutafuta mbingu kama hii. Mtoto wa Mambrui anahitaji kufungua mlango tu, na inatuuma kwamba wengi hawajaambiwa.

Mnafanya siku gani?

Mara mbili kwa mwezi, na mwenye kalenda ni mwezi wenyewe. Jumamosi iliyo karibu zaidi na usiku wa giza, usio na mwezi, tuko Mambrui, kwa ajili ya nyota. Mwezi ukifika siku ya saba au ya nane tuko Malindi mjini, karibu na jeti, kwa ajili ya mwezi. Mwezi wa nusu ndio mzuri kuutazama, kwa kuwa jua huupiga kwa ubavu na kila shimo na mlima hutupa kivuli. Mwezi mpevu hauna vivuli, na kwenye darubini unaumiza macho bila kuonyesha mengi.

Tunaanza saa moja na nusu usiku, giza likiwa limeingia. Mwezi wa Ramadhani tunaanza baada ya tarawehe.

Wavuvi watakuwa wameshagundua jambo: usiku wa giza ni siku za bamvua. Maji hujaa sana jioni, kisha hukupwa kadiri usiku unavyosonga, na ikifika saa nne ufuo umekuwa mpana kuliko ulivyoukuta. Ndiyo sababu huwa tunapanga darubini juu kabisa, karibu na mimea, hata kama pale chini mchanga ni mgumu na mzuri zaidi. Mwaka wa kwanza tulipanga chini, na wimbi moja likatufunza.

Tutafikaje Mambrui?

Matatu za Gongoni hupita njia panda ya Mambrui. Ukishavuka daraja la Sabaki, mwambie kondakta mapema. Kutoka njia panda kuna bodaboda. Kurudi usiku ndiko kugumu, kwa hiyo patana na dereva wako kabla hajaondoka, au njooni kundi zima na tuktuk zenu.

Kiingilio ni pesa ngapi?

Hakuna kiingilio. Mtu akikuomba pesa kwa jina letu, hatumjui.

Nikija nitaona nini?

Inategemea msimu.

Wakati wa kaskazi, kuanzia Desemba mpaka Machi, ndio wakati wetu bora. Hewa ni kavu kidogo na mawingu ni machache. Nyota tatu za mshipi wa Orion, ambalo Waarabu waliliita Jauza, hupita juu ya utosi, na chini ya mshipi kuna doa la ukungu. Kwa jicho tupu ni kama nyota iliyopanguswa na kidole. Kwa darubini ni wingu lenye mbawa, na ndani yake nyota nne changa zimekaa pamoja kama mayai kiotani. Hapo ndipo nyota zinapozaliwa, na nuru unayoiona ilitoka huko miaka kama 1,300 iliyopita.

Kilimia, kishada kidogo cha nyota, tunakionyesha kwa macho kwanza, kisha kwa darubini ndogo. Wazee wengi wanaijua ile methali: kilimia kikizama kwa jua huzuka kwa mvua, kikizama kwa mvua huzuka kwa jua. Nyuma ya methali hiyo kuna kitu cha kweli kabisa. Mwezi wa Mei, jua linapita karibu na kilimia na kukificha, kisha mwezi wa Juni kinaonekana tena alfajiri upande wa mashariki. Wakulima walikuwa wanasoma msimu kwenye kalenda ambayo haihitaji karatasi, na jina lenyewe linatokana na kulima.

Mei na Juni ni msimu wa Msalaba wa Kusini, mvua ya masika ikituruhusu. Jirani yake kuna Omega Centauri, ambayo kwa jicho ni nyota hafifu na kwa darubini ni mamilioni ya nyota zilizorundikana kama sukari iliyomwagika juu ya kitambaa cheusi. Wengi huondoka pale kimya.

Julai na Agosti upepo wa kusi hutikisa darubini, na mawingu huja na kwenda. Lakini kukiwa wazi, kundinyota la Nge linapanda juu likiwa zima, kuanzia makoleo hadi mwiba, na Njia ya Maziwa hupita mbinguni kutoka upeo mpaka upeo. Usiku kama huo tunawaambia watu waache darubini kwanza, walale chali mchangani.

Sayari hazifuati msimu. Zuhura, Mirihi, Mushtarii na Zuhali kila moja ina mwendo wake, na kabla ya kila usiku tunatangaza zipi zitakuwepo. Mushtarii ikiwepo, utauona msururu wa miezi yake minne ambayo Galileo aliiona mwaka 1610, na ukirudi baada ya saa mbili utakuta mmoja wao amesogea.

Nyota ya kaskazini mbona hamtuonyeshi?

Kwa sababu iko chini ya ardhi. Nyota ile husimama juu ya ncha ya kaskazini, na ukiwa kusini mwa ikweta ncha hiyo inazama chini ya upeo. Manahodha wa pwani hii walilijua jambo hili kwa mikono yao. Waliiita Jaa, na jina hilo likawa jina la kaskazini yenyewe, kama vile Suheli lilivyokuwa jina la nyota na la kusini. Jahazi likienda Uarabuni na kuvuka ikweta, Jaa huibuka majini, na kila siku hupanda kidogo. Urefu wake walipima kwa vidole, wakajua wamefika wapi.

Hapa watu hutuuliza kuhusu Vasco da Gama. Alifika Malindi Aprili 1498, akapewa rubani, akaondoka tarehe 24, na tarehe 20 Mei akawa Calicut, Bara Hindi. Habari kwamba rubani huyo alikuwa Ibn Majid, nahodha mashuhuri wa Kiarabu, inapendwa sana, lakini wanahistoria wengi wa leo hawaikubali. Kwetu sisi lililo muhimu ni kwamba rubani alipatikana hapa. Njia ya kwenda Bara Hindi ilikuwa tayari inajulikana Malindi, na nyota zake zilikuwa na majina.

Majina hayo hayakupotea, yameingia kwenye vitabu vya dunia nzima. Aliyesoma madrasa atayatambua akiyasikia: Deneb ni dhanab, mkia, Rigel ni rijl, mguu, Fomalhaut ni fam al-hut, mdomo wa samaki, Aldebaran ni mfuasi, kwa kuwa anakifuata kilimia. Usiku mmoja ustadhi mmoja alituambia maana ya majina sita kabla hatujafungua vinywa.

Bendera ya Wamarekani mwezini inaonekana?

Haionekani, wala kwa darubini yoyote iliyopo duniani. Darubini yetu ya inchi 8, hewa ikiwa tulivu, hutofautisha vitu vya ukubwa wa kilomita moja hivi mwezini. Bendera ni ya mita moja na kitu. Tunachoweza kukuonyesha ni Bahari ya Utulivu, uwanda wa mwamba mweusi ambako watu wa kwanza walitua Julai 1969.

Nyinyi ndio wale wa Ngomeni?

Hapana, lakini tunafurahi kila tunapoulizwa.

Majukwaa ya chuma yaliyosimama baharini Ngomeni yalijengwa na Waitalia, chini ya Profesa Luigi Broglio wa Chuo Kikuu cha Roma, Sapienza. Setilaiti ya kwanza ilirushwa kutoka pale Aprili 1967, ya mwisho Machi 1988. Kituo cha nchi kavu bado kinawasiliana na setilaiti. Mahali palichaguliwa kwa sababu dunia huzunguka kuelekea mashariki, na kwenye ikweta mzunguko huo unakipa chombo msukumo wa karibu kilomita 1,670 kwa saa bure, na mbele yake hakuna nyumba ya mtu, ni bahari.

Tarehe 12 Desemba 1970, siku ya Jamhuri, roketi aina ya Scout ilipanda na setilaiti ya NASA, shirika la anga la Marekani, ambayo mpaka siku hizo ilikuwa na herufi tu badala ya jina. Msimamizi wa mradi alikuwa mhandisi Marjorie Townsend. Kwa heshima ya wenyeji na ya siku hiyo, setilaiti ikaitwa Uhuru. Ilikuwa ya kwanza duniani kutengenezwa kwa ajili ya kutafuta eksirei kutoka mbinguni tu. Eksirei za nyota hazipenyi hewa yetu, kwa hiyo bila kupanda juu ya hewa hakuna atakayeziona. Katika miaka isiyotimia mitatu, Uhuru ilichora ramani ya vyanzo 339. Riccardo Giacconi, aliyeongoza kazi hiyo ya kisayansi, alipata Nobel ya fizikia mwaka 2002.

Kati ya vyanzo hivyo kimoja kinaitwa Cygnus X-1. Kilikuwa kimeshaonwa na roketi ndogo mwaka 1964, lakini Uhuru ndiyo iliyoonyesha kwamba eksirei zake hupandashuka haraka mno, ndani ya chini ya sekunde moja. Kitu kinachobadilika haraka hivyo lazima kiwe kidogo sana, na uzito wake ulipopimwa ukawa mkubwa sana. Kikawa kitu cha kwanza ambacho wanasayansi walikubali kukiita shimo jeusi, yaani kitu chenye mvutano mkubwa hata nuru haiwezi kutoka. Kiko miaka ya nuru kama 7,000 kutoka kwetu, yaani nuru yake husafiri miaka 7,000 kutufikia.

Shimo lenyewe halionekani, ila lina mwenzake: nyota kubwa ya buluu inayozungukana nalo. Nyota hiyo inaonekana kwenye darubini yetu. Kuanzia Agosti mpaka Oktoba tunaielekeza kaskazini, kwenye shingo ya kundinyota la Batamaji, tunahesabu nyota mpaka tunaifikia. Ni kinukta tu, hakina urembo wowote. Lakini kuisimamia Mambrui, ukijua kwamba ushahidi wake ulipatikana na chombo kilichoondoka Ngomeni, mwendo mfupi kando ya ufuo huu huu, kikiwa na jina la Kiswahili, ni jambo ambalo kila mtoto wa Magarini na Malindi anastahili kulipata kabla hajamaliza shule.

Mtanisomea nyota yangu?

Hapana. Tunaulizwa kwa nia njema na tunajibu kwa nia njema: tunachofanya ni falaki, yaani kupima mwendo, umbali, joto na umri wa vitu vya mbinguni. Mambo ya riziki, ndoa na bahati hayamo. Ukitaka kujua buruji lako liko wapi mbinguni, tutakuonyesha kwa furaha, nyota zake moja moja.

Je, mnatangaza mwandamo wa mwezi?

Hatutangazi. Hilo lina wenyewe, na Kadhi Mkuu ndiye anayesikilizwa. Tunaloweza ni kuwasaidia wanaotafuta: jua litatua saa ngapi, mwezi utakaa muda gani baada yake, utazame mkono upi. Mwezi wenye umri wa chini ya saa 15 hivi ni nadra sana kuonekana kwa jicho tupu, hata kukiwa hakuna wingu. Malindi ina taabu yake, maana machweo yako upande wa bara na minazi na majumba huziba upeo. Panda mahali pa juu.

Utakapouona, angalia ulivyolala. Kwenye picha na bendera mwezi mchanga husimama wima, lakini kwetu, karibu na ikweta, hulala chali kama mtumbwi, ncha zote mbili juu.

Watoto na wazee wanaweza kuja?

Waje wote. Tuna kigoda cha watoto kupandia na kiti cha wazee. Darubini inashushwa, usilazimishwe kuinama.

Bibi mmoja wa Mambrui aliketi kwenye kiti hicho, leso yake kaishika kidevuni isifunike kioo, akaitazama Zuhali muda mrefu mpaka foleni ikaanza kunong'ona. Kisha akauliza, bila kuondoa jicho: "Na hiyo pete, mwanangu, imeshikwa na nini hata isianguke?" Mwanafunzi wetu akamjibu kwamba pete si kitu kimoja. Ni vipande vya barafu visivyohesabika, vingine kama punje, vingine kama nyumba, na kila kimoja kinaizunguka sayari kwa mwendo wake, kama mwezi mdogo. Kinaanguka daima, na daima kinaikosa. Bibi akafikiri. "Basi ni kama watu wanaotufu Kaaba," akasema, akamwita mjukuu wake aje aone. Tangu siku ile tunaieleza hivyo.

Kwa nini mnakataza tochi za simu?

Jicho huhitaji dakika 20 hadi 30 kuzoea giza. Simu moja ikiwashwa, watu wote waliosimama pale wanaanza upya. Sisi hutumia taa nyekundu hafifu, ambayo haiharibu macho hayo. Funika tochi yako kwa karatasi nyekundu ya biskuti, inatosha.

Kuna sababu nyingine. Kasa hutaga kwenye fukwe hizi, na vitoto vyao vikitoka mchangani hufuata upande wenye mwanga, ambao tangu zamani ni bahari. Taa nyeupe huwapeleka barabarani. Tuliwahi kumwendea mwenye nyumba moja ya wageni, taa yake kubwa ikimulika majini usiku kucha. Tulikwenda na hofu. Alitoka na ngazi siku ile ile akaigeuza ielekee chini.

Kukiwa na mawingu?

Tunasubiri mpaka saa mbili na nusu. Mawingu ya pwani hupita. Ikinyesha, tunaahirisha, kwa kuwa chumvi na maji ni maadui wa kioo. Katikati ya masika tunapumzika.

Shule yetu iko mbali na ni ya kutwa. Mnaweza kuja mchana?

Ndiyo, na mchana una mambo yake. Tunaleta kichujio cha kutazamia jua na madoa yake. Ila siku tunayoipenda zaidi haihitaji darubini. Takriban tarehe 12 Machi na tarehe 1 Oktoba, jua hupita juu ya utosi wa Malindi kabisa. Machi ni karibu saa sita na nusu mchana, Oktoba ni mapema kidogo, saa sita na dakika kama 10. Simamisha fimbo wima uwanjani, na kivuli chake kitajikunja mpaka kiishe. Watoto hujitazama miguuni wakicheka, kila mmoja amesimama juu ya kivuli chake.

Siku nyingine ni tarehe 27 au 28 Mei, saa sita na dakika 18 mchana, na tena tarehe 15 au 16 Julai, saa sita na dakika 27. Wakati huo jua liko juu ya Kaaba. Popote linapoonekana, kulielekea ni kuelekea kibla. Kwa Malindi, Makka iko karibu kaskazini barabara, ndiyo maana wazee wa pwani huita kaskazini kibla.

Kupatwa kwa jua na mwezi kutatokea lini tena?

Usiku wa tarehe 7 Septemba 2025 mwezi ulipatwa wote kwa dakika 82, ukawa rangi ya shaba. Wengine walitazama na wengine waliswali. Mwingine wa namna hiyo tutakaouona hapa ni wa tarehe 31 Desemba 2028, mara tu baada ya magharibi.

Jua litapatwa lote tarehe 2 Agosti 2027 katika njia itakayopita Hispania, Moroko, Misri, Saudia na Yemeni hadi ncha ya Somalia. Makka imo katika njia hiyo. Malindi tutaliona likimegwa sehemu tu, mchana, na kwa hiyo hakuna hata dakika moja ambayo ni salama kulitazama kwa macho matupu. Tumia miwani maalumu ya kupatwa kwa jua. Miwani ya kawaida, kioo kilichopakwa masizi, filamu ya eksirei na beseni la maji havikingi. Jicho likiungua ndani halina maumivu ya kukuonya.

Nataka kununua darubini. Ninunue ipi?

Anza na darubini ya macho mawili iliyoandikwa 7x50 au 10x50. Itakuonyesha kilimia, mashimo ya mwezi na miezi ya Mushtarii, na mchana utatazamia majahazi. Ziepuke zile za sandukuni zinazojisifu kukuza mara 500. Kinachofaa ni upana wa kioo, si ukuzaji. Ukishanunua, ihifadhi mbali na hewa ya bahari, na usiifute kioo kwa shati: mchanga wetu hukwaruza.

Binti yangu anataka kusomea mambo haya. Kuna njia?

Ipo. Akazane na hesabu na fizikia. Chuo Kikuu cha Nairobi kinafundisha shahada ya falaki, na mwaka 2018 kilipeleka angani setilaiti yake ndogo kwa ushirikiano na Sapienza ile ile ya Ngomeni. Tarehe 15 Aprili 2023 ikafuata Taifa-1, setilaiti ya serikali ya Kenya. Mlete aongee na wanafunzi wetu wa kike, wapo kila mara.

Nikifika gizani nitawatambuaje?

Tafuta taa nyekundu mbili kwenye mchanga wa juu, karibu na mimea. Usimulike. Piga hodi kutoka mbali, mtu atakuja kukushika mkono mpaka kwenye darubini.